Dada Yangu Alivyonunua Wiki ya Idi

Wanangu, nianze kwa kukutoeni wasiwasi. Ile hoja mnayobishania pale chuoni, kwamba mgeni afadhali anunue paketi ya likizo au anunue wiki yake hotelini awe nayo kila mwaka, mimi nnayajua majibu yote mawili. Nimeyauza yote mawili. Kuna siku niliyauza yote mawili kwa mtu mmoja, moja kabla ya chakula cha mchana na jengine baada yake, na jioni akanishukuru. Mwalimu wenu Rukia, mtoto wa kaka yangu, ameniomba nikuandikieni mambo ya msingi ya kazi. Mambo ya msingi mtayakuta vitabuni. Mimi nitakupeni yale yaliyonitoa jasho.

Kwa yule aliyesinzia darasani: paketi ni mgeni kulipa mara moja, na ndani yake mna tiketi, chumba, chakula na matembezi. Anakuja, anaungua jua, anarudi kwao, mmemalizana. Wiki ni kitu chengine kabisa. Mgeni ananunua siku saba za nyumba moja hotelini, na siku hizo ni zake kila mwaka mpaka afe, na akifa wanarithi wanawe. Siku zilizobaki nyumba ile ile ina wenyewe wengine. Nilipomweleza dada yangu Zuhura mara ya kwanza, alinikazia macho.

"Yaani chumba kimoja, wake wenza hamsini na mbili?"

"Ndiyo, dada. Kila mmoja na zamu yake."

"Na hawagombani?"

"Hawaonani."

Akatikisa kichwa sana. Marehemu mumewe alikuwa na wake wawili tu, lakini wale walikuwa wakionana.

Kazi nilianzia paketi, kwenye ofisi ndogo ya Shangani, mjini Unguja, chini ya bwana mmoja tukimwita Maalim Haji. Huyu alisomesha chuo cha Kurani kabla ya kuingia kwenye utalii, na bakora hakuiacha chuoni. Alikuwa nayo juu ya meza. Mgeni akiuliza msitu wa Jozani uko wapi, Maalim anapiga ramani ya ukutani kwa bakora, pwaa, na mgeni anaruka. Somo lake kubwa lilikuwa hili: "Makame, mgeni hanunui bahari. Bahari kwao zipo. Ananunua wiki moja ya kutoulizwa kitu." Na kweli. Ukimuuliza mgeni wa paketi anataka kuondoka saa ngapi, ushamrudisha kazini kwake. Mwambie tu, "Gari ipo nje." Atakupenda.

Kosa langu la mwanzo kubwa nililifanya hapo hapo kwa Maalim. Tulipokea paketi mbili siku moja. Moja ya bwana na bibi harusi waliotoka kufunga ndoa juzi yake, ya pili ya vikongwe wawili, ndugu, maprofesa, waliokuja kuangalia ndege wa msituni. Nikabadilisha karatasi. Maharusi wakagongewa mlango alfajiri na mtembezaji aliyevaa viatu vya mvua, kawashikisha darubini mkononi, kawaambia wasiseme hata neno mpaka saa nne. Wale vikongwe nao walifungua mlango wakakuta kitanda kimetandazwa asumini na mabata maji wawili wa taulo wanabusiana. Basi si walikuwa wataalamu! Walikaa mbele ya yale mataulo na daftari zao, wakachora, wakaandika ukubwa wa shingo. Asubuhi mmoja akanambia amekwenda nchi nyingi, hajawahi kukaribishwa na watu wanaoijali kazi yake namna ile.

Maalim alinipiga bakora moja ya bega, mtu mzima mimi, na mke nshaoa. Kisha akaandika barua kwa wale maprofesa kuwashukuru kwa kushukuru kwao. Bibi harusi aliondoka na orodha ya ndege thalathini na mmoja, na mumewe hasemi naye. Kwa hiyo jifunzeni: karatasi ya mgeni isomeni mara mbili, na jina lisomeni kwa sauti. Mimi nilijifunza jambo hilo, nikalisahau siku nilipolihitaji zaidi, na hapo ndipo tunapokwenda.

Maalim alipofunga ofisi nikachukuliwa na hoteli moja ya upande wa Paje, jina nalihifadhi, kuuza wiki. Huko nikakuta kazi haina uhusiano na niliyoyajua. Paketi mgeni anakuja kashaamua. Wiki mgeni amekuja kuogelea, wewe unamkamata kwenye taulo unamwambia kwamba anaweza kuogelea hapa mpaka awe marehemu.

Kuna mambo hamtafundishwa. Usimuuzie mtu mwenye njaa, hakusikii. Usimuuzie aliyeshiba, atalala. Muuzie akiwa kwenye embe. Wakiwa mume na mke, yule anayesema sana mpe sifa, yule anayenyamaza mpe kalamu. Na zaidi ya yote, kabla hujamtoa mtu kwenda kumwonyesha mandhari, ulizia maji.

Hili la maji lilinipata wiki ya kwanza. Nilimchukua tajiri mmoja wa Kiitaliano, nikamsifia bahari kwa nusu saa ndani ya ofisi, nikasema utaamka, utanyoosha mguu, utakanyaga maji. Nikafungua mlango wa kioo kwa mikono miwili. Maji hayapo. Ilikuwa bamvua, na nyinyi mnajua Paje maji yakitoka yanatoka kweli. Mchanga mtupu mpaka kule kwenye mwamba, na katikati yake kina mama wa mwani wameinama kwenye vigingi vyao.

"Bahari iko wapi?" akaniuliza.

"Imetoka kidogo," nikamwambia.

"Inarudi lini?"

Nikamwita Bi Mize, mkulima wa mwani aliyekuwa akipita na gunia lake kichwani, nikamuuliza. Akasema alaasiri. Kisha akaniuliza huyu bwana kapoteza nini. Nikamweleza kwamba anataka kununua siku saba za hapa, kila mwaka. Bi Mize akatua gunia chini kabisa ili anisikie vizuri.

"Na muuzaji nani?"

"Hoteli."

"Ala! Basi nilikuwa sijui kama zinauzwa," akasema. "Kamwambie miye nna za mwaka mzima, na ninampunguzia."

Yule Mtaliana alinunua, msinicheke. Alinunua kwa sababu ya Bi Mize. Alidhani kuna mnunuzi mwengine.

Wateja wangu wa kudumu walikuwa Bwana Otto na mkewe Bibi Renate, Wajerumani, wenye wiki ya kumi na tano. Wazungu wameugawa mwaka wiki hamsini na mbili na kila moja wameipa namba, na hiyo yao inaangukia karibu na katikati ya Aprili. Hawa ndio mjadala wenu mlionao, ila umevaa kaptura. Bwana Otto akipenda kumiliki. Alipigilia msumari wake mwenyewe ukutani kutundika kofia, na kila mwaka akifika, kabla ya salamu, anakwenda kuangalia msumari. Akiukuta anapumua. Bibi Renate akipenda paketi. "Kila mwaka dari ile ile, Makame," akinambia. "Namjua mjusi wa pale juu kwa sura." Alikuwa akisafiri na vitabu vyenye picha za nchi nyengine na kuvisoma kitandani kwa sauti, na mumewe akijifanya kalala.

Kila mwaka walinitaka niwaamue. Bwana Otto akisema: nnajua nnakokwenda, sihangaiki, sigombanii nafasi. Nikamwambia unasema kweli. Bibi Renate akisema: lakini tunalipia ada ya kutunza nyumba hata tukiumwa tusije, na duniani kuna mahala pengine. Nikamwambia na wewe unasema kweli. Wakaondoka wamefurahi wote wawili na mwakani wakarudi kugombana. Muamuzi mzuri katika biashara hii hamalizi kesi.

Sasa nifike kwa Zuhura, maana yeye ndiye aliyenistaafisha.

Dada yangu huyu kanipita miaka kumi na miwili. Alikuwa mkunga wa hospitali. Nusu ya watu wanaokusukumeni pale sokoni Darajani kawapokea yeye. Ana watoto watatu. Mansur yuko Maskat, Asha kaolewa Pemba, Khamis yuko Dar es Salaam. Mumewe alipofariki, nyumba yao ya Mkunazini ikaingia kwenye mirathi, watoto wa mama huyu na watoto wa mama yule, ikauzwa, kila mtu akachukua haki yake. Zuhura akahamia vyumba viwili vya Michenzani, ghorofa ya tano. Toka matanga yale hakuwahi kuwaona wanawe watatu mahala pamoja. Mmoja anakuja Maulidi, mmoja anakuja skuli zikifungwa, mmoja anakuja akipata nafasi, na nafasi haipati. Akiwaambia waje sote tusali Idi, kila mmoja anauliza, "Mama, tutalala wapi?"

Akanijia Paje siku moja, kavaa buibui lake la kutokea, mkoba kaukumbatia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Makame, ile nyumba yako ya wake wenza inalaza wangapi?"

"Vyumba viwili na sebule. Watu sita."

"Sita wa Kizungu. Basi wetu kumi na moja. Nnataka wiki ya Idi."

Wallahi nilimkataza. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilimkataza mtu kununua. Nikamwambia dada, chukua paketi. Mwaka ukiwa na nafasi unakuja, ukiwa huna unaacha. Hakuna ada, hakuna kufungwa, na mwakani ukitaka kwenda Nungwi unakwenda Nungwi.

"Hiyo ndiyo siitaki," akasema. "Paketi wataahirisha. Watanambia mama, mwaka huu tuache, mwakani ipo. Mie nnataka kitu ambacho wasipokuja kinapotea. Nnataka Mansur akiwa kule Maskat imuume."

Nilikuwa nshauza wiki miaka chungu nzima na sikujua nnachouza mpaka aliponambia yeye. Mimi nikidhani nauza chumba. Nikaona haya, nikachukua fomu.

Kwenye fomu palikuwa na mstari: Namba ya wiki. Nikafungua kalenda. Idi ndogo mwaka ule ilikuwa wiki ya kumi na tisa, masika yamekolea, hoteli tupu, bei ya chini kabisa. Nilitakiwa niandike kumi na tisa, basi. Mkono wangu ukaandika "Wiki ya Idi ndogo". Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu sisi ndivyo tunavyopanga mambo yetu! Mtu akikwambia harusi ya binti yake ni mfungo mosi, mwezi wa Idi ndogo, unamuuliza tarehe? Unasema inshallah na unashona nguo. Idi ni Idi. Halikunipitikia kichwani kwamba kule kwenye makaratasi ya hoteli Idi inatembea. Meneja wetu, mtu wa bara, mchapakazi, akapiga muhuri bila kusoma, maana alikuwa kwenye simu.

Mwaka wa kwanza walikuja wote kumi na moja, wajukuu ndani yake. Zuhura aliingia na sufuria zake, mkeka wake, jiko la mkaa na mapazia ya Michenzani, akayatoa ya hoteli akayakunja kwa adabu. Alfajiri akafagia mchanga mbele ya baraza. Mfanyakazi wa usafi alipokuja kubadilisha mashuka, alikalishwa chini akalishwa biriani, akaambiwa apumzike, kachoka. Nilipita mchana nikawakuta Mansur na Khamis, watu wazima na ndevu zao, wanagombania mto, na mama yao kakaa katikati anawaangalia. Nikatoka nje nikajifanya nnaangalia bomba.

Kizaazaa kidogo kilikuwa mapokezi. Kompyuta inataka tarehe moja ya kuwasili, na Zuhura anawapa mbili, Alhamisi au Ijumaa, mpaka mwezi uonekane. Binti wa mapokezi akawa anaandika zote mbili, na kompyuta ikawa inaamini kuna Bi Zuhura wawili na kuwawekea taulo wote.

Mwaka wa pili Idi ikarudi nyuma siku kumi na moja, kama kawaida yake. Masika bado, nyumba tupu, hakuna aliyejua. Wa tatu vile vile. Mwaka wa nne ikatua wiki ya kumi na tano.

Niliitwa mbio. Nikamkuta Bwana Otto kasimama mlangoni pa nyumba yake, kofia mkononi, karatasi mkononi. Ndani Zuhura kakaa kwenye mkeka, karatasi mkononi. Msumari umetundikwa ungo. Hoteli imejaa pomoni kwa likizo ya Pasaka ya Wazungu, hata stoo ina mtu.

"Huyu mke mwenza wa ngapi?" dada akaniuliza.

"Wa kumi na tano."

"Mkaribishe ndani, masikini. Katoka mbali."

Bwana Otto akanigeukia, uso mwekundu. "Makame, hii wiki ni yangu."

"Unasema kweli," nikamwambia.

"Na yeye?"

"Na yeye anasema kweli."

Safari hii hakufurahi. Bibi Renate ndiye aliyempita ubavuni, akavua viatu, akaingia, akakaa mkekani karibu na Zuhura. Alimshika mkono akamwambia kwa Kijerumani jambo refu ambalo, kwa nilivyolitambua, lilihusu mjusi. Wajerumani wakapewa chumba kimoja, familia ikabanana chumba cha pili na sebuleni. Dada akawapikia. Siku ya pili Bibi Renate alikuwa kavaa dera, anasukuma chapati, na anamwambia mumewe kwamba hatimaye wamekwenda mahala pengine.

Asubuhi ya Idi, mnajua mambo yenyewe: watoto wa Paje wameogeshwa, wamevaa mapya, wanapita mlango kwa mlango kutaka mkono wa Idi. Wakagonga, akafungua Bwana Otto. Sasa huyu alikuwa akilalamikia ada ya kutunza nyumba toka anunue, kwamba hoteli inakusanya na haimpi stakabadhi ya maana. Akaona watoto nadhifu, wamepanga mstari, wamenyoosha mikono. Akadhani hoteli imebadilisha utaratibu wa kukusanya ada. Akaingia ndani, akatoka na pochi na daftari, akalipa mmoja mmoja, na kila aliyelipwa akamtaka atie saini. Habari zikaenea kijijini kwamba kuna mzungu anatoa Idi na kuandikisha majina. Walikuja mpaka wa Jambiani. Kitoto kimoja cha kike hakijajua kuandika kikamchorea kuku, na yeye akaweka tarehe chini yake.

Jumatatu akampelekea Meneja daftari na kumshukuru. Alimwambia kwamba hajawahi kuona makusanyo yaliyo wazi kama yale. Meneja akafungua, akaona kuku, akauliza maswali. Kufika adhuhuri alishaijua habari yote, na alikuwa kakaa na kalenda anahesabu kwa kidole.

"Mzee Makame," akanambia, "dada yako kanunua wiki ya masika kwa bei ya masika."

"Ndiyo, Meneja."

"Na inapanda. Mwakani mwezi wa tatu. Halafu wa pili. Halafu wa kwanza." Akanitazama kama mtu aliyeona moshi jikoni kwake. "Huyu mama anakwenda Mwaka Mpya! Kila mwaka anamtoa mwenyewe mwengine, na mimi nitafute pa kumweka. Atanizungukia hoteli nzima."

Nilijaribu kumtuliza, nikamwambia hiyo ni mpaka miaka thelathini na tatu hivi, kisha anarudi alipoanzia. Halikumtuliza.

Akanitayarishia barua. Ilikuwa fupi: mimi Makame nakiri kwamba niliandika kwa makosa, nilikusudia wiki ya kumi na tisa. Mwanasheria wa hoteli kasema nikitia saini, karatasi inasahihishwa na Zuhura anabaki na wiki yake ya mvua mpaka mwisho. Nikikataa, maana yake wakala wa hoteli aliahidi kwa kujua, na ahadi inaifunga hoteli. Na wakala wa namna hiyo hawezi kuendelea na kazi hata siku moja. Mimi nilikuwa nimebakisha mwaka na kitu nistaafu, nikikaa mezani kwangu, nikisubiri kuagwa kwa keki.

Nikaenda Michenzani. Nikapanda zile ngazi, nikafika juu sina pumzi, nikamwambia yote. Nilitaka aniambie nitie saini. Nakwambieni kweli, nilipanda ghorofa tano kutafuta ruhusa hiyo.

"Kumi na tisa ni wiki nzuri," nikamwambia. "Bahari ile ile."

"Makame, wakitia namba, Idi itaondoka na wiki itabaki pale. Mansur atasema Idi haikuangukia, bosi kanikatalia. Khamis atasema mvua. Mie nina sabini na moja." Alikuwa akichambua mchele na hakuinua macho. "Hizo mwakani zangu si nyingi hivyo za kugawa. Lakini kazi ni yako. Fanya unavyoona."

Nikaona hasira. Afadhali angenilazimisha.

Kikao kilikuwa Jumatano. Meneja, Zuhura kwa buibui la kutokea, mimi, na mwanasheria, kijana wa Kitumbatu aliyezaliwa Mkokotoni, suti imembana shingoni. Barua mbele yangu, na kalamu. Nikakumbuka kwamba mwenye kunyamaza ndiye hupewa kalamu, na kweli toka niingie sikuwa nimesema neno.

"Ni saini tu, mzee," akasema Meneja, kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Kila mtu anakosea. Uliandika Idi, ulikusudia kumi na tisa. Sivyo?"

Niliogopa, msidhani nilikuwa shujaa. Nikawaza mke wangu nitamwambia nini.

"Sikukosea," nikasema.

"Unasema?"

"Niliandika nilichokusudia."

"Ulijua kwamba Idi inahama kila mwaka? Ulijua itaingia wiki za watu?"

"Meneja," nikamwambia, "mimi Muislamu, mtu wa miaka hamsini na tisa, nimefunga Ramadhani ya kiangazi na ya masika. Nisijue kama Idi inahama?"

Meneja akamgeukia mwanasheria. Yule kijana alinitazama, akamtazama dada, akakohoa, akafunga faili lake taratibu. "Hapo, bosi," akasema, "mahakama yoyote ya kisiwa hiki itamuamini."

Basi. Meza yangu nikaisafisha siku ile ile. Saa ya ukutani sikupewa na keki sikuiona. Mkinisikia najiita mstaafu, ndio huo ustaafu wenyewe.

Tulitoka nje mimi na Zuhura tukasimama kivulini kusubiri gari. Nikamwambia dada, sasa nikuombe radhi, wallahi siku ile niliandika kwa makosa, sikufikiri hata kidogo, mkono ulikwenda wenyewe.

"Nnajua," akasema.

"Unajua toka lini?"

"Toka unaandika. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwako, nikaiona kalamu inavyokwenda." Akanitengeneza kola ya shati, akanifuta vumbi begani. "Toka mdogo unakosea, Makame, na siku zote mie ndiye nnayekusahihisha. Nikasema leo nitakaa kimya."